Nani Atakaa?

3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenikuta ofisini. Ilipiga mabati kwa kelele mpaka nikalazimika kukata simu ya Malawi na kuandika ujumbe badala yake.

Ndiyo nimeanza. Mlangoni wamebandika "Kitengo cha Utalii wa Tiba", na kitengo chenyewe ni mimi, meza na birika la umeme. Miaka tisa nimeuza safari za mbugani. Sasa nauza hospitali. Bwana Romanus, mkurugenzi wetu, anasema tofauti ni ndogo: mgeni anapokelewa uwanjani, analala pazuri, anakula vizuri, anarudi kwao akitusifia. Nikamwambia kwenye safari zangu kumchana mgeni hakukuwemo kwenye ratiba. Hakucheka. Nimejifunza jambo la kwanza kuhusu Bwana Romanus.

Bodi imenipa hadi mwisho wa Mei. Wagonjwa wa Kongo, Komoro, Zambia na Malawi wanapita juu ya vichwa vyetu kwenda India, na kazi yangu ni kuwashawishi washuke Arusha. Wasiposhuka, kitengo kinafungwa na mimi narudi kuuza twiga.

5 Machi

Siku ya picha za brosha. Mapokezi yametoka vizuri, maabara pia. Tatizo lilikuwa korido ya chumba cha upasuaji. Pale nje ya mlango pana benchi la mbao ya mringaringa, refu, zito, limebonyea katikati kwa kukaliwa na watu miaka nenda rudi. Nikaagiza lipelekwe stoo, tukaweka sofa mbili nyeupe na mmea wa kwenye chungu. Pakawa panapendeza.

Mara mlango ukafunguka, akatoka Dokta Aminieli na kofia yake ya kijani kichwani. Ndiye daktari bingwa wetu wa upasuaji, mzee wa Akheri, mwenye kahawa na migomba yake, na watu wanasema kwa shingo na koo hakuna mkono kama wake Kaskazini yote.

"Benchi langu liko wapi?"

"Shikamoo Dokta. Stoo. Ni kwa ajili ya picha tu, nusu saa."

"Marahaba. Lirudishwe."

"Dokta, nusu saa tu..."

"Binti, nina mgonjwa anasubiri. Siingii mpaka lirudi."

Na kweli hakuingia. Alisimama palepale, mikono nyuma, hadi vijana wawili walipolirudisha wakihema. Kisha akaingia. Nimeudhika mno. Nimewahi kubembeleza Wamarekani waliokosa chui, lakini mzee huyu ananishinda.

6 Machi

Mpiga picha ameusubiri mlima tangu saa kumi na mbili hadi saa tano. Haukutoka mawinguni. Brosha inasema vyumba vyetu vinautazama Mlima Meru. Vinautazama, hilo ni kweli.

11 Machi

Nimemaliza maneno ya brosha. Mstari ninaoupenda kuliko yote nimeuweka kwenye jalada: "Njoo peke yako. Mengine yote tuachie sisi." Mstari huu niliutumia kwenye safari na ukawaleta kina mama wengi wa Ulaya ambao hawakuwa na wa kusafiri naye. Bwana Romanus ameusoma mara mbili na kusema, "Hapo sasa." Kwake hiyo ni sherehe.

14 Machi

Mvua. Mlima hakuna.

19 Machi

Leo Sista Sifael, muuguzi wa chumba cha upasuaji, amenieleza siri ya lile benchi. Siku moja kabla ya kumpasua mtu, Dokta Aminieli humuuliza swali moja: "Nani atakaa?" Maana yake, nani atakaa kwenye benchi muda wote ukiwa ndani. Kama hakuna, upasuaji unasubiri, isipokuwa kwa wa dharura. Watu wa huku wameshazoea. Anayetoka Akheri huja na watano, anayetoka Ngaramtoni huja na ukoo na chupa za chai.

"Na asiye na mtu?" nikauliza.

"Anatafuta," akasema Sifael, kana kwamba mtu anatafutwa kama kitambulisho.

Nimemwandikia Bwana Romanus barua kali. Nimesema hatuwezi kutangaza hospitali ya kisasa ambayo daktari wake anahesabu ndugu kabla ya kushika kisu. Amejibu: "Vumilia. Tunamhitaji." Nimevumilia, lakini nimeandika hapa ijulikane kwamba namwona ni mzee mkaidi mwenye ushirikina wa kisomi.

27 Machi

Nimepata mgonjwa! Anaitwa Mama Ngalula, wa Lubumbashi. Anauza vitenge na anaimba kwaya. Ana tezi shingoni, mwaka wa tisa sasa, na imeanza kumbana hata kulala chali hawezi. Hapendi kuandika, anatuma sauti tu, na sauti yenyewe ni nzuri, ya juu, ina kicheko pembeni. Nimeisikiliza zaidi ya ilivyohitajika.

Swali lake la mwisho: "Dada Naisula, kwa karatasi yenu munasema muntu anaweza kuja yeye peke yake. Ni kweli ao ni matangazo?"

Nikamjibu kwa fahari: ni kweli kabisa.

2 Aprili

Yeyo, mama yangu, amenipigia kutoka Ngaramtoni kuuliza kama hospitali inauzika. Nikamwambia imeanza. Mvua imesomba sehemu ya njia ya kwao.

7 Aprili

Nimempokea Mama Ngalula uwanja wa KIA, ndege imechelewa saa mbili kwa mawingu. Mwanamke mnene, mcheshi, wa miaka hamsini hivi, kitambaa cha njano kimezungushwa shingoni mara tatu. Njiani alichungulia kila upande.

"Mulima iko wapi?"

"Nyuma ya yale mawingu."

"Njo ile ya kwenye karatasi?"

"Ndiyo uleule, mama. Utauona tu."

Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi kile sikukipenda.

8 Aprili

Siku mbaya. Dokta Aminieli alimpima kwa upole ambao sikuutegemea, akamshika shingo kwa vidole viwili huku akimuuliza habari za vitenge. Akasema tezi ni kubwa na inasukuma koo la hewa, itolewe, isichelewe. Nilikuwa nimekaa pembeni natabasamu kama mwenye duka. Kisha likaja.

"Nani atakaa?"

"Kukaa namna gani, Dokta?"

Akamweleza. Mama Ngalula akanitazama mimi. Akasema amekuja peke yake, kama karatasi ilivyosema. Dokta akafunga faili polepole, akaniomba tutoke nje.

Tuligombana hapohapo mbele ya benchi. Nilimwambia mgonjwa amesafiri nchi mbili, ana tezi inayomkaba, na yeye anamnyima huduma kwa sababu ya mila. Akaniacha nimalize.

"Wewe ndiye uliyeandika aje peke yake?"

"Ndiyo."

"Ulimuuliza kwa nini anataka kuja peke yake?"

Sikuwa nimemuuliza. Wasafiri wangu sikuwahi kuwauliza. Akaenda zake wodini. Mimi nikaenda chooni kulia kwa hasira, maana nilijua nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

9 Aprili

Nimemuuliza.

Alikuwa amekaa kitandani anatazama dirisha lililojaa ukungu. Akaniambia mumewe anajua yuko Dar es Salaam, amefuata bidhaa. Watoto wanajua hivyohivyo. Dada yake mkubwa alikuwa na tezi kama hii; alipasuliwa huko kwao, akafia mezani. Tangu hapo nyumba nzima ilimkataza Ngalula hata kutaja neno kisu. Basi akanyamaza, tezi ikaendelea kukua, hadi siku aliyoiona brosha yangu kwenye simu ya mteja.

"Niliona ile maneno, njoo peke yako. Nikasema, Mungu amefungua mulango. Sitaambia muntu. Nikipona, nitarudi na shingo muzuri, basi. Nikikufa..." Akapiga makofi mawili kama anayefuta unga mikononi.

Mstari wangu. Niliona aibu iliyonishuka hadi miguuni. Niliuandika kwa watu waliotaka kuona simba bila usumbufu, na mwanamke huyu aliutumia kutoroka watu wake wote.

10 Aprili

Nimekwenda kwa Dokta nikamwambia mimi nitakaa.

"Wewe unauza," akasema. "Wa benchi hana cha kuuza."

Sikuondoka. Akanisogezea kiti. Akanisimulia kwamba zamani, akiwa kijana, alimpasua mwanamume mmoja aliyeletwa na lori akaachwa. Hakukuwa na mtu. Mwanamume yule akafa. "Nikanawa mikono, nikatoka, korido tupu. Nilikuwa na habari nzito na hapakuwa na wa kumpa. Nikaenda nayo nyumbani, nikala nayo chakula. Siku ishirini na tatu, mpaka kaka yake alipotokea kutoka Singida. Hizo siku zote yule mtu alikuwa amekufa na watu wake wanamtarajia. Nikaenda kwa fundi hapo Tengeru, nikachongesha benchi."

Nikampa pole. Baada ya miaka yote hiyo aliipokea kama ya jana.

Kisha akaniambia kukaa siyo makalio. Anayekaa lazima ajue mambo matatu: jina ambalo mgonjwa anaitwa nyumbani, nani aambiwe kwanza, na asipoamka alazwe wapi. "Ukiyajua hayo kutoka kinywani mwake, njoo." Nimeyaandika nyuma ya brosha.

Nikikumbuka kwamba mwezi uliopita nilimwita mshirikina, najisikia vibaya.

12 Aprili

Kumuuliza mtu aliye hai azikwe wapi! Nilizunguka weee, nikaongelea mvua, nikaongelea ndizi, hadi yeye mwenyewe akasema, "Dada, sema. Unatembea kama muntu mwenye kiatu kinabana."

Nikasema. Akanuna. Akageukia ukutani, akakaa hivyo muda wa kutosha chai kupoa. Halafu akajibu, bado amegeuka.

Nyumbani wanamwita Kadogo, mwili wote huo. Wa kwanza kuambiwa ni binti yake mkubwa, Bibiche, kwa sababu baba yao moyo wake ni mwepesi. Na kulazwa?

"Munirudishe kwetu. Hapa hapana. Sijaona ata mulima."

Tukacheka wote wawili, halafu akalia, nikamshika mkono. Akanieleza mengi ambayo Dokta hakuyauliza. Kila jioni humpigia mtoto wake wa mwisho, wanaimba pamoja wimbo wa kushukuru chakula. Tangu afike hapa ameimba akijidai yuko Kariakoo.

13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Mama Ngalula amempigia mumewe na kumwambia ukweli. Mimi nilikuwepo kwa ombi lake. Yule bwana akaomba azungumze na anayekaa benchini.

"Weye ni nani?"

Nikamtajia jina langu, la baba na la mama, na kwamba ni mzaliwa wa Ngaramtoni. Sikutaja cheo. Hakikuonekana kuwa na kazi pale.

"Utaikala pale, kweli?"

"Nitakaa, baba."

"Usitoke pale."

Maneno hayo tu. Nimempelekea Dokta majibu yangu matatu. Akayasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Upasuaji ni keshokutwa saa tatu.

Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba keshokutwa, saa hiyohiyo, mawakala watatu wa kimataifa wanafika, na mwenye kuwatembeza ni mimi.

15 Aprili

Naandika nikiwa nimechoka, lakini nikilala bila kuandika nitapoteza mpangilio.

Jana nilimweleza Bwana Romanus kwamba sitawatembeza mawakala. Alidhani natania. Leo saa tatu kasoro Mama Ngalula alipitishwa mbele yangu kwenye kitanda cha magurudumu, bila kitambaa chake cha njano. Alikuwa amekifunga mkononi mwangu. "Kadogo," nikamwita. Akafungua macho makubwa, akatabasamu. Mlango ukafungwa. Nikakaa. Benchi lile lina shimo katikati ambalo linakupokea, utadhani limekupima.

Saa tatu na nusu simu ikaanza. Romanus. Romanus. Ujumbe: "Wageni wamefika." Ujumbe: "Uko wapi?" Saa nne akaja mwenyewe na wageni, wawili wanaume na mmoja mama wa Lusaka aitwaye Mutinta, mwenye miwani na daftari dogo. Akanitambulisha kwa sauti ya furaha ya uongo, akaninyooshea mkono niinuke.

"Samahani Bwana Romanus. Nimekaa."

"Dakika kumi tu, Naisula."

"Nimeahidi."

Wakati huohuo Sifael akapita mbio akisema mlima umetoka. Umetoka wote, mpaka ncha, na theluji kidogo juu! Wageni wakakimbilia dirisha la mwisho wa korido, nikasikia wanashangaa, na Romanus akaniita kwa mikono miwili kama mtoto: njoo, njoo, piga picha! Mwezi na nusu nimeusubiri mlima ule. Ulikuwa nyuma ya ukuta nilioegemea. Sikuinuka, na nakiri kwamba iliniuma.

Bado wako dirishani, mlango ukafunguka. Dokta Aminieli alitoka mikono juu, glavu zina damu.

"Yuko hai," akasema kwanza. "Sikiliza. Tezi imetoka karibu yote. Kimebaki kipande kimoja kimeshikana na mshipa wa fahamu wa sauti. Nikikitoa, sauti inaweza kwenda moja kwa moja. Nikikiacha, kinaweza kuota tena, arudi mezani miaka ijayo. Jana alisema nichague mimi. Nataka kujua, huyu ni mtu wa namna gani?"

Nikafikiria kwaya, nikafikiria vitenge. Lakini kilichonijia ni yule mtoto wa mwisho na wimbo wa chakula, na jinsi alivyougeukia ukuta kisha akajibu hata hivyo.

"Kiache, Dokta. Kurudi ataogopa, lakini atarudi. Bila sauti hatakuwa yeye."

Akanitazama sekunde moja, akarudi ndani.

Mimi ni nani hata niseme kiache? Nilipogeuka, wageni walikuwa wamesimama wote wanatazama, na Bwana Romanus alikuwa na uso wa mtu anayeona jengo lake linaungua. Mama Mutinta alikuwa amefunga daftari.

Saa sita na robo akatoka tena, safari hii bila glavu. "Amelala. Anapumua vizuri. Mwambie binti yake." Nikampigia Bibiche, nikashindwa kuongea kwa kilio, naye akadhani mama amekufa. Nilimtesa yule msichana nusu dakika nzima. Sitajisamehe haraka.

Mlima ulionekana dakika ishirini, Sifael ameniambia. Sasa umefungwa tena.

16 Aprili

Ameamka. Hana sauti. Hewa tu inatoka.

17 Aprili

Hewa tu. Dokta anasema mshipa umevimba, tusubiri. Bwana Romanus hanisemeshi.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua. Ameniandikia kwenye karatasi: "Mutoto anapiga simu." Nikampokelea, nikamwambia mama anapumzika. Mtoto akauliza nani ataimba. Nikaimba mimi, kwa sauti yangu ya Kilutheri isiyojua kupanda, na Kiswahili chetu kisichofanana na chao. Mama Ngalula akacheka bila sauti, machozi yanatiririka. Huenda nilikosea. Huenda ningesema chochote kile bado ingekuwa hivi.

20 Aprili

Pasaka. Kanisani sikusikia mahubiri. Mchana alinong'ona neno moja: "Maji." Limesikika hadi mlangoni. Nimekimbia kumtafuta Dokta kwao Akheri kwa pikipiki, kwenye matope, na viatu vya kanisani. Alikuwa kwenye migomba. Akasema, "Ungepiga simu," lakini akanikatia mkungu mzima wa ndizi.

22 Aprili

Leo mapokezi wameniita: kuna mwanamume hataki kukaa kwenye viti. Amekuja kwa basi kutoka Lubumbashi, kupitia Tunduma, siku tano barabarani, suti yake imekunjamana. Ni mume wa Mama Ngalula. Nikataka kumpeleka wodini moja kwa moja.

"Benchi iko wapi?" akauliza.

Nikampeleka. Akaketi katikati, kwenye lile shimo, mikono magotini. Hakuna aliyekuwa anapasuliwa; mlango ulikuwa wazi, wanapiga deki. Alikaa kama dakika kumi. Kisha akainuka, akanishukuru, akasema sasa yuko tayari kumwona mkewe.

Nimeshindwa kufanya kazi yoyote baada ya hapo.

25 Aprili

Wameondoka. Sauti yake ni ya mikwaruzo, nzito, ya mtu mwingine kabisa. Kitambaa cha njano ameniachia.

9 Mei

Mama Mutinta ameandika kutoka Lusaka. Bwana Romanus alikuja na barua mkononi, akaketi kwenye kiti changu. Mama Mutinta hajauliza vyumba wala mashine. Swali lake ni moja tu: yule dada wa benchi, je, wagonjwa wetu nao watampata? Ana watu wanne.

"Tuiite Huduma ya Benchi," akasema Romanus. "Daraja la kawaida na daraja la juu."

"Kamwambie Dokta," nikasema. Amekwenda, na amerudi haraka sana.

19 Mei

Brosha mpya. Jalada nimeliandika upya: "Usije peke yako. Ukikosa wa kuja naye, tuambie mapema, tukufahamu." Yeyo na wenzake saba wa umoja wa kina mama wamekubali kukaa kwa zamu, bure, mradi chai iwepo. Dokta anawahoji mmoja mmoja. Mmoja amemkataa kwa sababu anaongea sana.

28 Mei

Bodi imeniongezea mwaka. Mvua imekatika na mibuni ya Akheri imeanza kushika matunda.

Lakini ninachotaka kukiandika ni ujumbe wa sauti ulioingia leo. Nilimpelekea Dokta Aminieli, tukakaa benchini kuusikiliza pamoja. Mama Ngalula anasema kwaya imemtoa kwa wanawake, imempeleka kusimama na wanaume, sauti ya nne. "Banasema mi sasa ni papa," anasema, yaani baba, na kicheko kiko palepale pembeni. Kisha anaimba wimbo wa chakula, chini, kwa mikwaruzo, na mtoto anampandia juu. Mwisho anasema mlima hakuuona, kwa hiyo anatudai.

Dokta aliomba nirudie mara mbili. Akasema kipande kile kinaweza kuota, miaka mitano, miaka kumi, na huenda wakati huo atakuwa amestaafu, kisu kitashikwa na mwingine.

"Akirudi," akaniuliza, "nani atakaa?"

"Mumewe," nikasema. "Na mimi pembeni yake. Na wewe Dokta, kama utakuwa umestaafu, nafasi ipo."

Akaipapasa mbao kwa kiganja, akasogea kidogo kupima. Tunatosha watatu.